Tujiandae kwa Mvua Ijayo, Si kwa Mvua Iliyopita

Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kwa mikoa inayopata mvua mara moja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mkoa wetu wa Tabora umo katika kundi hilo, pamoja na jirani zetu wa Kigoma, Katavi, Singida na Dodoma. Utabiri huo husomwa redioni, huchapishwa magazetini, na kwa siku chache huwa ndio mazungumzo ya sokoni na vijiweni. Swali linaloulizwa ni moja: je, mwaka huu mvua itatosha?

Swali hilo ni la haki. Mkulima wa tumbaku wa Urambo na Sikonge, aliyekopa mbolea kupitia chama chake cha msingi, anajua kwamba deni halisubiri mvua. Mkulima wa mpunga wa Igunga na Nzega anajua kwamba majaruba yasipojaa kwa wakati wake hakuna hotuba itakayoyajaza. Lakini leo tunapenda kuuliza swali jingine, ambalo utabiri wa msimu mmoja hauwezi kulijibu. Reli, madaraja, mabwawa na makalvati tunayojenga leo, ambayo tunataka yawatumikie watoto na wajukuu wetu, tumeyapimia mvua gani? Mvua iliyonyesha zamani, au mvua itakayonyesha katika miaka ambayo kazi hizo zitakuwapo?

Msimamo wetu ni kwamba kumbukumbu za mvua za zamani, ijapokuwa ni mali yenye thamani, hazitoshi tena peke yake. Hatuna budi kuziongezea maarifa yanayotokana na modeli za tabianchi, yaani mifano ya dunia iliyotengenezwa kwa hesabu na kuendeshwa kwa kompyuta, ambayo wataalamu huitumia kukadiria jinsi mvua na dhoruba zitakavyokuwa katika dunia inayozidi kupata joto. Tena tunasema kwamba maarifa hayo si mapambo ya mikutano ya kimataifa. Yanaihusu moja kwa moja njia inayotuunganisha sisi wa Tabora na bahari upande mmoja, na maziwa makuu upande mwingine.

Historia ya njia hiyo ni historia ya mvua. Karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji ilitawaliwa na majira kuliko ilivyotawaliwa na mfalme yeyote. Wapagazi wa Kinyamwezi walipendelea kushuka pwani baada ya mavuno, na kurejea makwao kabla ya kilimo kuanza. Aliyepuuza kalenda hiyo alilipa gharama yake. Henry Morton Stanley alipokuwa safarini kuja Tabora mwaka 1871 alikutana na masika katika mbuga ya Mkata, na msafara wake ukapita kwa taabu kubwa ndani ya maji na matope. Baada ya maji mengi mno ya Mkata, njia iliingia katika ukavu wa Ugogo, kisha Mgunda Mkali, nyika iliyojulikana kwa uhaba wa maji. Hivyo msafiri mmoja, katika safari moja, aliweza kusumbuliwa na mafuriko na kisha na kiu.

Wazee wetu waliyamudu mambo hayo kwa sababu walikuwa na elimu ya kurithishana. Walijua mwezi gani mito hufurika na visima gani hukauka. Elimu hiyo iliwafaa kwa kuwa, pamoja na miaka mibaya ya hapa na pale, mwaka uliokuja kwa kawaida ulifanana na miaka iliyopita.

Wakoloni wa Kijerumani walipojenga Reli ya Kati, waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, walifuata kwa sehemu kubwa uelekeo ule ule wa misafara. Ili kupanda kutoka nyanda za Mkata na Kilosa hadi uwanda wa juu wa Dodoma, reli ililazwa katika bonde la mto Mkondoa. Bonde hilo ni mlango wa nchi yetu ya magharibi. Mto ukilitwaa, Tabora, Kigoma na Mwanza zote huathirika.

Na mto umelitwaa mara nyingi. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliharibu reli katika eneo hilo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mafuriko ya Kilosa yaliwakosesha makazi maelfu ya watu, yakang'oa tuta na kuharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, hata usafiri wa treni kuja huku kwetu ukasimama kwa miezi. Wasomaji wetu wengi wanakumbuka maana ya kusimama huko: bei za bidhaa, mizigo iliyolala, na wasafiri waliolazimika kutafuta mabasi kwa nauli waliyokuwa hawakuitarajia. Katika miaka iliyofuata, Serikali ilishirikiana na wataalamu wa Japani kuchunguza njia za kuikinga reli na mafuriko katika sehemu hiyo. Ilikuwa hatua ya busara, kwani kutengeneza tuta lile lile, kwa kimo kile kile, kila linapobomoka ni kulipia kosa moja mara nyingi.

Mkoa wetu una funzo jingine la zamani, nalo linafaa kukumbushwa. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilituma ujumbe wa watu watatu, ulioongozwa na John Wakefield, uchunguze kama Tanganyika ingeweza kulimwa karanga kwa mashine katika mashamba makubwa. Ujumbe huo ulikaa Afrika wiki 9 tu. Kisha likatangazwa shauri la kulima zaidi ya ekari milioni 3, na sehemu zilizochaguliwa katika nchi yetu zikawa Kongwa, Nachingwea na Urambo. Makosa ya mradi ule yalikuwa mengi: matrekta yasiyofaa, visiki vilivyoshinda mashine, udongo uliokauka ukawa kama saruji. Lakini mojawapo ya makosa makubwa lilikuwa hili, kwamba kumbukumbu za mvua zilizotumika zilikuwa haba, na ukame wa Kongwa haukupewa uzito. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36. Wagogo wa Kongwa, walioijua mvua ya kwao kuliko yeyote, hawakuwa miongoni mwa walioamua.

Kutoka karanga za Urambo tunajifunza mambo mawili: kwamba mpango mkubwa uliojengwa juu ya dhana isiyopimwa ya mvua huanguka hata ukiwa na fedha nyingi, na kwamba elimu ya mahali haipaswi kudharauliwa na wenye ramani. Mambo hayo yote mawili yatatufaa tunapozungumzia modeli.

Kwa nini basi kumbukumbu za zamani hazitoshi tena? Jibu liko katika joto. Taarifa ya mwaka 2021 ya jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi ilieleza kwamba katika miaka ya 2011 hadi 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto lililozidi kwa kiasi cha nyuzi 1.1 za Selsiasi lile la nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, yaani zama zile zile za misafara. Mwaka 2024 ukawa mwaka wa kwanza kuzidi nyuzi 1.5. Sasa, hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, uwezo wake wa kubeba mvuke wa maji huongezeka kwa kiasi cha asilimia 7. Hiyo ni kanuni ya maumbile, iliyojulikana tangu karne ya kumi na tisa. Mawingu yanapokusanyika, maji yanayopatikana kunyesha kwa mkupuo mmoja huwa mengi zaidi. Lakini hewa hiyo hiyo yenye joto hunyonya unyevu wa udongo kwa haraka zaidi katika siku zisizo na mvua. Kwa hiyo joto lile lile laweza kuzidisha mafuriko na kuzidisha ukavu, hata katika msimu mmoja na wilaya moja. Jumla ya mvua ya mwaka yaweza kubaki karibu pale pale, na bado mkulima akaangamia, kwa sababu imenyesha kwa siku chache kwa nguvu nyingi, kisha ikakata majuma matatu wakati mahindi yanatoa mbelewele.

Kanuni hiyo moja, hata hivyo, haimwambii mtu wa Tabora nini kitatokea Tabora. Mvua yetu ina asili nyingi. Ukanda mvua huteremka kutoka kaskazini na kupanda tena kulifuata jua. Unyevunyevu hutujia kutoka misitu ya Kongo kwa upande wa magharibi, na mwingine kutoka Bahari ya Hindi kwa upande wa mashariki. Joto la bahari hiyo, na hata la Bahari ya Pasifiki iliyo mbali kabisa, huamua upepo gani utashinda mwaka gani. Mambo yote hayo yakitenda kazi kwa pamoja, hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kuyajumlisha. Hapo ndipo modeli inapohitajika.

Modeli hufanya kazi hivi. Wataalamu hugawanya anga na bahari katika vyumba vingi, vilivyopangwa ubavu kwa ubavu na kimoja juu ya kingine, kuizunguka dunia nzima. Katika kila chumba huandikwa joto, unyevu, upepo na kani ya hewa. Kisha kompyuta hutumia kanuni zinazojulikana za mwendo, za joto na za maji kukokotoa jinsi kila chumba kitakavyobadilika baada ya dakika chache, kwa kuathiriana na jirani zake. Hesabu hurudiwa tena na tena, hata zikapatikana siku, miaka na karne. Mjapani Syukuro Manabe, aliyefanya kazi yake Marekani, alikuwa miongoni mwa waliotangulia katika kazi hii tangu miaka ya 1960, na mwaka 2021 alikuwa mmoja wa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Faida moja kubwa ya modeli ni kwamba inaruhusu jaribio ambalo haliwezekani kufanywa kwa dunia yenyewe. Mtaalamu anaweza kuiendesha mara mbili: mara ya kwanza pamoja na gesi ambazo viwanda, magari na ukataji wa misitu vimeziongeza angani, na mara ya pili bila ya gesi hizo. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili humsaidia kukadiria sehemu ya mafuriko inayotokana na joto lililoongezwa na binadamu, na sehemu ambayo ingekuwapo vyovyote vile.

Jambo hili lina uzito kwetu, maana si kila gharika ni jipya. Ziwa Tanganyika, mwisho wa njia ya misafara, lilipanda katika karne ya kumi na tisa hata mwaka 1878 likafurika na kutoka kwa nguvu kupitia mto Lukuga upande wa Kongo. Mvua za mwishoni mwa mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, zililipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu yalikuwa na joto kubwa kuliko ya upande wa Indonesia, hali ambayo huvuta mvua nyingi kwetu, na Mei 2020 Ziwa Victoria likavunja rekodi iliyodumu tangu 1964. Kuyasema yote haya kuwa ni mabadiliko ya tabianchi bila kupima ni uvivu. Kuyasema yote kuwa ni mambo ya kawaida, kwa kuwa yalitokea zamani, nako ni uvivu. Kipimo ndicho kinachotenganisha.

Chukua mfano wa karibu. Desemba 2023 maporomoko ya matope yaliyofuata mvua kubwa yaliua watu zaidi ya 80 Katesh, wilayani Hanang. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Kundi la kimataifa la wanasayansi lilipima mvua za masika ya mwaka huo katika eneo lililojumuisha Kenya na sehemu kubwa ya Tanzania, likakadiria kwamba joto lililoongezwa na binadamu liliizidisha nguvu mvua ile kwa kiasi cha asilimia 5, huku likieleza wazi kwamba makisio yenyewe yana nafasi ya kupanda au kushuka. Asilimia 5 yaweza kuonekana ndogo kwa mtu aliye pakavu. Kwa tuta lililojengwa likabakiza kiganja kimoja juu ya maji ya zamani, asilimia 5 ndiyo tofauti kati ya kusimama na kubomoka. Wanasayansi hao hao walisisitiza kwamba ujenzi holela wa mijini na watu kuishi mabondeni kulichangia sana maafa. Joto la dunia haliwi kisingizio cha mfereji usiozibuliwa.

Hatutaki, hata hivyo, wasomaji wetu wadhani kwamba modeli ni mnajimu asiyekosea. Ina mipaka, na kuificha mipaka hiyo ni kuwahadaa wananchi. Modeli nyingi za dunia nzima zina vyumba vyenye upana wa kiasi cha kilomita 100. Chumba kimoja cha namna hiyo chatosha kuimeza nchi yote kutoka Tabora mjini hadi Urambo. Lakini kila mkazi wa Tabora anajua kwamba mvua ya radi yaweza kunyesha Ipuli, na Ng'ambo pakabaki vumbi. Kwa kuwa modeli hizo haziwezi kuliona wingu moja la radi, hulikisia kwa kanuni ya jumla, na mara nyingi makisio hayo huleta mvua nyepesi ya mara kwa mara, tena mapema mchana, hali wingu letu hukusanyika alasiri na kupasuka kwa ghadhabu.

Wataalamu wamelitambua tatizo hilo. Taasisi ya hali ya hewa ya Uingereza, ikishirikiana na watafiti wengine, ilitengeneza modeli ya Afrika nzima yenye vyumba vya upana wa kilomita 4.5 tu, inayoweza kuzifuata dhoruba zenyewe badala ya kuzikisia. Kazi yake ni nzito mno kwa kompyuta, hata ikaendeshwa kwa miaka 10 ya hali ya sasa na miaka 10 ya hali ya mwishoni mwa karne hii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba, ikilinganishwa na modeli ya vyumba vipana, ongezeko la mvua kali za muda mfupi lilikuwa kubwa zaidi; na katika sehemu za Afrika ya magharibi na ya kati vipindi vya ukavu ndani ya msimu wa mvua navyo vilirefuka zaidi. Maana yake ni kwamba vyombo vya zamani huenda vilitutahadharisha kidogo kuliko ilivyostahili.

Upo mpaka mwingine unaoihusu Afrika Mashariki hasa. Kuanzia miaka ya 1980 mvua za masika, za Machi hadi Mei, zilipungua kwa muda mrefu katika Kenya, Somalia na kaskazini mwa nchi yetu, hali modeli nyingi zinasema kwamba dunia ikizidi joto eneo hili litapata mvua zaidi. Wanasayansi wamelijadili fumbo hilo kwa miaka mingi. Baadaye masika ya 2018, 2020 na 2024 yakaleta mvua nyingi mno. Mwenye busara hasemi kwamba modeli hazina maana kwa sababu hiyo. Anasema kwamba modeli zikitofautiana, tujenge kwa namna inayohimili pande zote mbili: bwawa la kuhifadhi maji ya mwaka mkavu, lenye njia ya kutoa maji itakayohimili mwaka wa gharika.

Yapo pia maneno yanayosemwa na watu wetu, nayo yanastahili kujibiwa kwa heshima. Wengine husema kwamba mvua ni siri ya Mwenyezi Mungu, na kuitabiri ni kuingilia elimu ya ghaibu. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu na ubao kabla ya kukaa darasani tunalielewa neno hilo. Lakini katika visa tulivyofundishwa chuoni kimo kisa cha Nabii Yusuf, ambaye alitoa habari ya miaka saba ya neema na miaka saba ya dhiki, na akasimamia ghala kujazwa kabla dhiki haijafika. Habari bila ghala isingeliokoa Misri. Mtaalamu wa mvua hadai kuijua ghaibu. Anakadiria kwa vipimo kama mganga wa hospitali anavyokadiria mwendo wa homa, na tawakali haijamzuia mtu kumfunga ngamia wake.

Wengine husema kwamba wazee wanajua zaidi kwa kutazama miti ya miombo inavyochipua, ndege, mchwa na upepo. Hatuwakejeli. Mwaka 2010 watafiti wa Kitanzania, akiwemo Dk. Ladislaus Chang'a, walichapisha uchunguzi wa dalili za namna hiyo katika nyanda za juu za kusini magharibi. Mtaalamu huyo huyo alichaguliwa mwaka 2023 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti watatu wa jopo la Umoja wa Mataifa tulilolitaja. Kwa hiyo elimu ya wazee na elimu ya kompyuta si maadui. Tofauti yake ni kwamba dalili za miti huzungumzia msimu ulio mbele yetu, wala haziwezi kumwambia mhandisi daraja liwe na upana gani ili lidumu hadi mwaka 2080.

Na wapo wanaosema, kwa uchungu wa haki, kwamba gesi hizi zimetoka zaidi katika mataifa tajiri, kwa nini basi mzigo wa kujikinga uwe wetu? Ni kweli kwamba sehemu ya Afrika katika uchafuzi huo ni ndogo mno, na ni kweli kwamba waliotajirika kwa kuichafua anga wanapaswa kulipa. Tutaendelea kudai hivyo. Lakini mto Mkondoa hausubiri mikutano ya fedha imalizike. Taifa lililojifunza kujitegemea halikai mikono mfukoni likimngoja mwenye kosa atubu.

Tufanye nini, basi?

Kwanza, kila mradi mkubwa unaoletwa mkoani kwetu, uwe ni barabara, bwawa au skimu ya umwagiliaji, uelezwe hadharani umepimiwa mvua gani. Madiwani wana haki, na wana wajibu, wa kumuuliza mhandisi: hesabu zako za mafuriko zimetoka miaka ipi, na umeongeza kiasi gani kwa ajili ya joto linalozidi? Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 ikipita katika mahandaki ya milima ya Kilosa, inaletwa Tabora na kuelekezwa Mwanza na Kigoma. Ni mali itakayowatumikia wajukuu wetu. Swali hilo liulizwe sasa, udongo ukiwa bado laini, kwa maana kupanua kalvati kwenye karatasi ni rahisi kuliko kulifukua chini ya tuta.

Pili, vipimamvua vilindwe na viongezwe. Modeli nzuri kupita zote hupimwa kwa kulinganishwa na mvua iliyonyesha kweli, na katika Afrika vituo vya kupimia ni vichache mno. Kipimamvua ni chombo rahisi. Shule ya sekondari yenye mwalimu mmoja wa jiografia mwenye moyo, na wanafunzi wanaosoma kipimo kila saa tatu asubuhi bila kukosa, yaweza kuitumikia sayansi ya dunia nzima. Lakini iwe kila siku, Ramadhani na Krismasi, likizo na muhula. Daftari lenye mapengo ni nusu ya daftari.

Tatu, maarifa yafike shambani kwa lugha ya shambani. Mkulima haimfai kitu kuambiwa kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani. Anataka kujua kama apande mbegu ya siku chache, kama ahamishe miche ya tumbaku mvua ya kwanza au asubiri, kama achimbe matuta ya kuzuia maji. Maofisa ugani wakae na wataalamu wa hali ya hewa kabla ya msimu, watoe ushauri mmoja, na wautoe katika mikutano ya vijiji na vyama vya msingi, si katika semina za mjini peke yake.

Nne, mabonde yetu yaheshimiwe. Wembere, Malagarasi na mito yote inayoyalisha ni mahali ambapo maji hupumzika. Atakayekata miti ya kingo na kulima hadi ukingoni mwa mto anaongeza mafuriko kwa mikono yake. Jukumu hili ni la mwananchi, la mwenyekiti wa kijiji na la halmashauri.

Tano, vijana wetu wasomeshwe kazi hii. Kituo cha hali ya hewa cha nchi za ukanda huu, kilichoko jirani na Nairobi, hukusanya wataalamu wa mataifa yetu kutoa utabiri wa pamoja. Tunataka miongoni mwao wawemo zaidi waliotoka katika shule za Tabora, wanaoijua mbuga ya Mkata kwa jina na wingu la Ipuli kwa macho. Modeli inayotengenezwa ugenini na watu wasioijua nchi yetu itatusaidia, lakini haitauliza maswali yetu yote.

Taifa letu linakumbuka ukame wa 1973 na 1974, uliotulazimisha kununua chakula nje na kuingia katika kilimo cha kufa na kupona. Siku zile wito ulitolewa njaa ikiwa tayari imebisha hodi. Safari hii tunayo nafasi ya kufanya kazi kabla ya hodi. Tunawaomba madiwani wetu waanze na jambo moja lisilohitaji fedha: katika kikao kijacho cha bajeti, kila barabara na kila daraja litakaloombewa pesa, liulizwe limepimiwa mvua ya miaka gani. Pasipokuwa na jibu, mradi urudishwe ukapimwe upya.